Msonge na Kibanja: Jinsi Jamaa Walivyojijengea Makao Katika Nchi ya Wahaya

Waandishi wengi wa historia ya nchi yetu huanza na falme, vita na mikataba. Hayo ni mambo makubwa, na hayana budi kuandikwa. Lakini iko historia nyingine isiyokuwa na tarehe nyingi wala majina ya wakuu, nayo ni ya kazi ambazo kila jamaa ilizifanya kwa mikono yake ili ipate kuishi. Mojawapo ya kazi hizo ni kujenga nyumba. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wa Ijumbi na sehemu nyingine za Muleba na Bukoba walivyojenga makao yao tangu zamani, jinsi ujenzi huo ulivyobadilika, na ni swali gani ambalo mabadiliko hayo yametuachia.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tutaingia ndani, tusitosheke na kutazama paa kwa mbali.

Nchi na watu wake

Ijumbi ni kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba katika Mkoa wa Kagera. Kabla ya Muleba kufanywa wilaya katika miaka ya 1970, sehemu hizo zilikuwa chini ya Wilaya ya Bukoba; na mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi ulipopewa jina la Kagera mwaka 1979. Wenyeji ni Wahaya, ambao kabla ya ukoloni walikuwa na falme kadhaa, miongoni mwazo Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro. Ziwa Victoria wao huliita Lweru.

Mgeni afikapo huko huona nchi ya namna mbili. Kwanza huona vijiji vilivyofunikwa na migomba, na chini ya migomba hiyo mibuni, maharage na magimbi. Kila jamaa ina shamba lake la namna hiyo, nalo huitwa kibanja. Pili huona mbuga za majani matupu zilizozunguka vijiji, nazo huitwa rweya. Mvua ni nyingi, na kwa sababu hiyo udongo wa rweya umeoshwa rutuba yake. Udongo wa kibanja ni mweusi na wenye nguvu. Si kwamba Mungu aliugawa udongo kwa upendeleo. Udongo wa kibanja umetengenezwa na watu. Kwa vizazi vingi walikata majani ya rweya wakayatandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni, mpaka ardhi dhaifu ikawa ardhi ya kulisha watu wengi.

Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu nyumba ya Mhaya haifahamiki bila kibanja chake. Nyumba ilisimama katikati ya migomba. Majani yaliyoletwa kutoka rweya yaliezeka paa, yakatandikwa sakafuni, yakalaliwa na mifugo, na yalipochakaa yakatolewa nje yakawa mbolea. Hivyo nyumba ilikuwa daraja kati ya rweya na migomba. Jamaa isiyokuwa na nyumba iliyotunzwa vema haikuweza kuwa na shamba zuri.

Jinsi msonge ulivyojengwa

Nyumba ya asili ya Wahaya ni ya mviringo, nayo huitwa mushonge. Kwa Kiswahili twasema msonge. Haikuwa na kuta za udongo zilizobeba paa, kama nyumba za siku hizi. Paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja, kilichoanzia kileleni na kushuka mpaka kugusa ardhi. Kwa mbali msonge ulifanana na kichuguu kikubwa, au kikapu kilichofudikizwa.

Mfano wa kikapu ni wa kweli, kwa maana msonge ulisukwa. Nguzo zilichimbiwa ndani kwa mzunguko ili kubeba uzito. Juu yake ziliwekwa fito ndefu zilizopindwa kuelekea kileleni, kisha zikazungushiwa mapete ya matete yaliyofungwa pamoja, pete juu ya pete, kubwa chini na ndogo juu. Hapakuwa na msumari. Kila kiungo kilifungwa kwa kamba za miti au za maganda makavu ya mgomba. Baada ya hapo nyasi zilipangwa kwa matabaka kuanzia chini, kila tabaka likifunika kichwa cha tabaka lililo chini yake, ili mvua iteremke bila kupenya. Mlangoni paliachwa kipaa kilichojitokeza mbele, kikazuia mvua na kumpa mgeni mahali pa kusimama kabla hajaalikwa ndani.

Miti ya nguzo haikuchaguliwa ovyo. Mti uliopendwa ni omushambya, kwa sababu ni mgumu na mchwa hawauli upesi. Chombo cha kazi kilikuwa shoka na omuhoro, yaani mundu mwenye mpini. Hapa yafaa tukumbuke kwamba Wahaya walikuwa wahunzi tangu kale. Uchimbuzi uliofanywa na wataalamu wa mambo ya kale katika sehemu za Maruku na Kemondo ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa katika nchi hiyo yapata miaka 2000 iliyopita, na katika mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliwaonyesha wataalamu hao jinsi tanuru lilivyotengenezwa. Kwa hiyo shoka lililokata nguzo ya msonge halikungojea meli ya mgeni. Mkono wa mjenzi na mkono wa mhunzi vilitoka kijiji kimoja.

Ndani, msonge uligawanywa kwa viambaza vya matete. Mbele palikuwa mahali pa kupokelea wageni. Nyuma palikuwa mahali pa kulala na kuweka akiba. Na upande mmoja ulikuwa wa ng'ombe au mbuzi, kwa jamaa iliyojaliwa kuwa nao. Moto uliwaka ndani, na moshi wake uliokausha nyasi za paa ulifukuza pia wadudu waharibifu. Sakafuni palitandikwa majani mabichi yenye harufu nzuri. Mgeni alikaribishwa aketi juu yake, akaletewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Heshima ya mwenye nyumba ilipimwa kwa usafi wa majani hayo kuliko kwa ukubwa wa paa.

Kazi ya kila mmoja

Kijana alipokaribia kuoa, baba yake alimkatia sehemu ya kibanja, au alimtafutia mahali pengine. Mipaka ya sehemu hiyo ilipandwa mti uitwao omulamula. Jina hilo lina maana, kwa kuwa katika Kihaya kulamula ni kuamua au kusuluhisha. Mti huo ndio mwamuzi wa ugomvi wa mipaka. Mipaka ikisha kuwekwa, ujenzi ulianza. Msonge wa kwanza wa kijana haukuwa mkubwa. Ulitosha watu wawili, moto wao na mbuzi wachache. Ukubwa ungekuja baadaye pamoja na watoto.

Majira ya kujenga yalikuwa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati nyasi za rweya zimekomaa na njia ni kavu. Baba na wanawe walikata miti na kuchimba mashimo. Mama, mabinti na wake wa ndugu walikata nyasi, wakazifunga matita na kuyabeba kichwani kutoka rweya. Watoto walikusanya kamba, wakachota maji, wakawapokeza waezekaji matete. Wazee ambao hawakuweza tena kupanda juu walikaa chini wakachagua fito, wakasahihisha kazi ya vijana kwa maneno. Mwezekaji hodari aliitwa kutoka jamaa nyingine, naye aliheshimiwa kama fundi. Lakini hata yeye hakufanya kazi peke yake.

Majirani na watu wa ukoo walikuja kusaidia. Hawakulipwa mshahara. Walipikiwa ndizi na maharage, wakanyweshwa rubisi, yaani pombe ya ndizi, na mwenye nyumba alijua kwamba yeye naye ataitwa siku yao ya kujenga. Huo ndio ujima ambao twausoma katika vitabu vya siasa. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya msingi wa ujamaa mwaka 1962, alikuwa akiyataja maisha kama hayo, ambamo mtu hakukosa pa kulala maadamu jamaa yake ina mikono.

Lugha yenyewe inashuhudia jambo hili. Katika Kihaya, omulyango ni mlango wa nyumba, na pia ni tawi la ukoo. Kwa Kiswahili cha pwani vivyo hivyo, mtu aweza kuulizwa yeye ni wa mlango gani. Waliopita chini ya kipaa kimoja walihesabiwa kuwa watu wamoja.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia asipambe yaliyopita kupita kiasi. Msonge ulikuwa na giza na moshi. Moto mmoja tu ulitosha kuuteketeza. Paa lilihitaji kutiwa nyasi mpya mara kwa mara. Tena mgawanyo wa kazi haukuwa mgawanyo wa haki, kama tutakavyoona.

Nyumba, kodi na ubwana wa ardhi

Katika falme za Wahaya si kila aliyejenga alijenga juu ya ardhi yake. Ulikuwako utaratibu ulioitwa nyarubanja. Mtawala aliweza kumpa mtu wake, au ndugu yake, vibanja vingi pamoja na watu waliokaa humo. Watu hao wakawa watwana wa yule bwana; wakamlipa kwa mazao na kwa kazi, na mtu aliweza kupoteza nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kwa sababu bwana hapendezwi naye. Hapo ndipo tunapoona kwamba umoja wa jamaa pekee hautoshi. Jamaa iliweza kushirikiana kwa moyo mmoja kusimamisha nguzo, lakini nguvu za bwana zikawa juu ya paa lao.

Wajerumani walipoingia, hawakuondoa utaratibu huo. Emin Pasha aliweka kituo cha Bukoba mwaka 1890, na utawala wa kigeni ulipata faida kwa kuwatumia watawala wa asili. Zaidi ya hayo, mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake, kodi ambayo ilienezwa wilaya kwa wilaya. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Nyumba ambayo jana ilikuwa alama ya kijana kuwa mtu mzima, sasa ikawa kitu cha kuhesabiwa na karani. Aliyejenga alidaiwa fedha, na fedha haikupatikana ila kwa kuuza zao au kuuza nguvu zake.

Utaratibu wa nyarubanja uliondolewa baada ya Uhuru. Utawala wa machifu ulikomeshwa mwaka 1963; kisha Bunge likapitisha sheria mwaka 1965 ya kuwakomboa watwana wa nyarubanja, na sheria hiyo ikakamilishwa mwaka 1968. Kwa wakulima wengi wa Bukoba hilo ndilo lililokuwa tunda la Uhuru lililoshikika mkononi: kulala chini ya paa ambalo hakuna bwana awezaye kulidai.

Kutoka nyasi hadi bati

Kilichobadilisha umbo la nyumba zaidi ya amri yoyote ni kahawa. Buni ilijulikana kwa Wahaya tangu kale. Ilitafunwa, ilitolewa kwa wageni, na ilitumika katika kuchanjiana udugu. Lakini reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa, buni ikawa zao la kuuzwa ng'ambo. Katika miaka ya 1920 fedha za kahawa zilienea, na mwenye fedha akataka nyumba ya pembe nne. Misheni nazo zilikwisha kuonyesha mfano wa majengo ya matofali, tangu Mapadre Weupe walipofika Kashozi mwaka 1892.

Mabadiliko yalikwenda kwa hatua. Kwanza ilikuja nyumba ya pembe nne yenye kuta za miti na udongo na paa la nyasi. Kisha likaja bati. Kisha matofali mabichi, halafu ya kuchoma, na mwisho saruji. Katika hatua ya kwanza jamaa iliendelea kujenga pamoja. Kukandika ukuta ni kazi ya watu wengi: mmoja huchimba udongo, wengine huukanyaga kwa miguu, wengine hupokezana madonge, na mama hulainisha ukuta kwa kiganja. Lakini bati halisukwi na mtu nyumbani. Bati hununuliwa dukani, na saruji vivyo hivyo. Kadiri sehemu ya nyumba itokayo dukani ilivyozidi, ndivyo sehemu itokayo katika mikono ya jamaa ilivyopungua.

Nyasi nazo zikaadimika. Rweya iliyokuwa ya wote ilianza kugawanywa: sehemu zikapandwa mikaratusi, nyingine chai, nyingine zikafanywa mashamba ya mazao. Ng'ombe walikwisha kupungua sana tangu sotoka ya miaka ya 1890. Wakati wa kampeni za vijiji na nyumba bora katika miaka ya 1970, wananchi walihimizwa waache nyumba za nyasi. Wahaya wengi walikuwa tayari wanakaa karibu karibu katika vibanja vyao, wala hawakuhitaji kuhamishwa mbali kama watu wa sehemu nyingine. Lakini wito wa nyumba ya kudumu waliusikia na wakauitikia.

Siku hizi msonge ni kitu cha kuonyeshwa. Makumbusho ya Kijiji yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967 yana mfano wa nyumba ya Kihaya, na mwanafunzi wa mjini aweza kuingia ndani yake akaona jinsi fito zilivyofungwa. Ni jambo jema. Lakini nyumba ya makumbusho haina moto, wala watoto, wala mtu anayedai kwamba ni yake. Umbo tunaliona, lakini maisha yaliyokuwamo hatuyaoni.

Nyumba hii ni ya nani?

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali zito. Tumesema kwamba mama alikata nyasi, akabeba maji, akalainisha ukuta, akabadilisha majani ya sakafu, akatia mbolea kwenye migomba. Je, nyumba ilikuwa yake? Kwa desturi ya Wahaya, kibanja cha ukoo kilirithiwa na wanaume. Humo wamezikwa wazee, na ukoo haukutaka makaburi yake yaangukie mikononi mwa watu wengine. Mwanamke aliweza kukitumia kibanja maisha yake, lakini hakuweza kukiuza. Desturi hizo ziliandikwa na Hans Cory na Hartnoll katika kitabu kilichotolewa mwaka 1945, na Tamko la Sheria ya Urithi la mwaka 1963 likazitia muhuri. Mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume aliweza kujikuta mgeni katika nyumba aliyoikandika kwa viganja vyake.

Swali hilo lilifika mahakamani kutoka Wilaya ya Muleba yenyewe. Mwaka 1988 mama mmoja aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza. Mtu wa ukoo wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba desturi hiyo inapingana na Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, na kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawa na mwanamume. Hukumu hiyo ilijulikana mbali sana nje ya mipaka yetu. Baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zilitamka waziwazi kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Wako wazee walioona kwamba hukumu hiyo inavunja ukoo. Hofu yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa kibanja kikiuzwa, makaburi nayo huuzwa. Lakini hofu hiyo hujibiwa na historia ya ujenzi wenyewe. Ukoo haukudumu kwa sababu wanawake walinyimwa nyumba. Ulidumu kwa sababu wanawake waliijenga. Kama omulyango ni mlango ambao wote hupita, basi asiwepo mjenzi ambaye mlango huo humfungia nje siku ya matanga.

Mambo ya kujifunza

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Kuta za matofali zisizokuwa na mihimili zilishindwa kuhimili mtikisiko. Nyumba ya fito zilizofungwa kwa kamba huyumba, na hata ikianguka haina uzito wa kumponda aliyelala. Simaanishi kwamba turudi kwenye nyasi. Nyasi zenyewe hazipo tena. Maana yangu ni kwamba wazee walikuwa na elimu ya viungo, ya uzito na ya miti, nasi tuliiacha kabla ya kujifunza vizuri elimu iliyochukua nafasi yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta uliojengwa bila maarifa huhitaji kujengwa mara mbili.

Walimu wa historia na wa Kiswahili wanaweza kuifanya elimu hii iwe somo hai. Wanafunzi wa Muleba na Bukoba waulize wazee wao majina ya sehemu za msonge, ya vifundo na ya miti, wayaandike kwa Kihaya na kuyaeleza kwa Kiswahili, kabla wenye kuyajua hawajaisha. Wanafunzi wa sehemu nyingine wafanye vivyo hivyo: tembe la Mgogo, nyumba ya chini ya ardhi ya Mwiraqw, banda la Mmakonde. Waulize hasa nani alikata, nani alibeba, nani alifunga, nani alikandika. Kisha waulize nani alirithi. Majibu ya maswali hayo mawili yakitofautiana, hapo wamegusa historia ya kweli ya jamii yao.

Jamaa za Ijumbi zingali zinajenga. Kijana anayeanza maisha bado huanza na chumba kimoja au viwili, akiongeza mabati na matofali kadiri mavuno ya kahawa na ndizi yanavyomruhusu, na ndugu zake bado humfyatulia matofali na kumbebea maji. Nguzo za omushambya zimeondoka, lakini desturi ya kusaidiana haijaondoka yote. Utamaduni wa Taifa hauko katika umbo la paa peke yake. Uko katika mikono inayolisimamisha, na katika haki ya kila aliyeshiriki kulala chini yake bila hofu.